Kununua Kakejiku Japani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasafiri

Ukurasa huu ni wa yeyote anayekwenda Japani, awe mwanafunzi wa udhamini, mfanyabiashara wa magari ya mitumba, mjumbe wa mkutano au mtalii, anayetaka kurudi na kitu cha ukutani kitakachodumu kuliko sumaku ya friji. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo ndipo watu wanapopoteza fedha.

Kakejiku ni kitu gani hasa?

Ni gombo la kutundika. Picha au maandishi ya brashi, kwenye karatasi au hariri, hubandikwa juu ya tabaka kadhaa za washi, karatasi ya jadi ya Kijapani, kisha huzungushiwa vitambaa. Juu kuna ufito wenye kamba, chini kuna mti wa mviringo ambao uzito wake ndio unaolinyoosha gombo. Shughuli ikiisha linakunjwa na kurudishwa sandukuni. Asili yake ni Uchina. Lilifika Japani pamoja na dini ya Buddha, na mwanzoni lilikuwa la ibada. Baadaye, enzi ya Muromachi (1336–1573), nyumba za wakubwa zilianza kujengwa zikiwa na tokonoma, yaani kidaka kipana ukutani kwa ajili ya gombo na maua. Mabingwa wa hafla ya chai ya Kijapani, na hasa Sen no Rikyu (1522–1591), wakalipandisha hadhi: mgeni akiingia chumba cha chai, kabla ya kutazama birika au bakuli, huinama mbele ya gombo.

Nyumbani kwangu hakuna tokonoma. Si nitakuwa nalitundika kama kalenda?

Hata Wajapani wengi wanaoishi kwenye fleti hawana tokonoma siku hizi. Kinachohitajika ni ukuta mtupu na nafasi kuzunguka gombo. Usilibananishe kati ya televisheni na picha ya harusi. Kabla ya kusafiri pima ukuta wako: kakejiku ya kawaida ina upana wa sentimita 45 hadi 55 na urefu wa kama sentimita 190. Nyumba yenye dari ya mita mbili na nusu inaitosha, lakini kochi likiwa chini yake, nusu ya picha itakuwa nyuma ya vichwa vya wageni. Kuna aina fupi kwa ajili ya nyumba za kisasa, ziulizie.

Nichague picha au maandishi?

Watu wengi hukimbilia Mlima Fuji, na hakuna ubaya. Lakini nawasihi mtazame maandishi pia, kwa sababu sisi tuna uzoefu ambao watalii wengine hawana. Mwenyeji wa chai huchagua gombo kama mwanamke wa pwani anavyochagua kanga ya kuvaa siku fulani: maneno yale ni machache, yanajulikana, na yamelengwa kwa aliyepo. Ichigo ichie humwambia mgeni kwamba kikao hiki hakitarudiwa. Nichinichi kore kojitsu husema kila siku ni siku njema, hata ile ya msiba. Wa kei sei jaku ni nguzo nne za njia ya chai: maelewano, heshima, usafi na utulivu. Kissako ni "karibu unywe chai", basi, na watawa wa Zen, madhehebu ya dini ya Buddha, wameitafakari kwa karne nyingi.

Kwa upande wa picha, kila mchoro una shughuli yake. Korongo na kobe ni maisha marefu. Wazee wawili, bibi na bwana chini ya msonobari, ni Takasago, gombo la harusi. Zawadi nzuri kwa wanandoa. Samaki koi anayepanda maporomoko ya maji hutundikwa kwa ajili ya watoto wa kiume, kuwatakia wapande ngazi maishani. Daruma mwenye macho makali ndiye Bodhidharma, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa Zen.

Sitaki kununua kitu cha ibada bila kujua. Nitakitambuaje?

Swali la maana, na huulizwa zaidi na Waislamu na Wakristo wa makanisa ya kilokole. Picha za Buddha au za Kannon, mtakatifu wa huruma katika dini hiyo, zinatambulika kwa macho: mtu aliyesimama au kuketi juu ya ua la yungiyungi, mara nyingi na duara la nuru kichwani. Mtego uko kwenye maandishi. Gombo lenye herufi sita kubwa zilizoshuka wima, nzuri mno, huenda likawa Namu Amida Butsu, wito wa kumtaja Buddha Amida, ambalo familia hulitundika wakati wa kumbukumbu za marehemu. Mwulize muuzaji linasomekaje na hutundikwa lini. Akikujibu "ni bahati nzuri tu", piga picha umwonyeshe Mjapani mwingine.

Aina nyingine ni gombo lenye mihuri mingi myekundu iliyozunguka picha ya katikati. Hilo ni la hija: mwenye nalo alipita mahekalu 88 ya kisiwa cha Shikoku, au 33 ya Kannon, mengi yakiwa mikoa ya Kansai, akipata muhuri na mwandiko kila hekalu. Yanauzwa mitumba, mengine baada ya mwenyewe kufariki. Binafsi sinunui safari ya ibada ya mtu mwingine, lakini si kosa la kisheria.

Asiyetaka picha ya kiumbe chenye roho atapata mianzi, misonobari, milima yenye ukungu, maua, au enso, lile duara linalochorwa kwa mkupuo mmoja wa brashi. Fahamu tu kwamba enso nayo imetoka kwenye Zen.

Ni kweli kila picha ina msimu wake?

Ndiyo. Maua ya mplamu ni ya mwishoni mwa baridi, cheri ni ya masika, maporomoko ya maji ni ya kiangazi, majani mekundu ya mepo ni ya vuli, na jua linalochomoza ni la mwaka mpya. Wenyeji hubadilisha gombo kadiri majira yanavyogeuka. Ukitaka moja tu la mwaka mzima, chukua mandhari ya milima, mianzi au maandishi. Hata hivyo maporomoko ya maji yanapendeza sana kwa mtu wa Mombasa au Maskati. Wajapani huyatundika makusudi ili joto lionekane limepungua, na joto la kaskazi la Mombasa mwezi wa Februari linahitaji msaada wowote ule.

Nitajuaje kama limechorwa kwa mkono?

Nunua kioo kidogo cha kukuzia. Maduka ya bidhaa za yeni 100 yanaviuza. Tazama sehemu yenye rangi iliyofifia, mfano ukungu wa mlima au shavu la ndege. Ukiona vinukta vya rangi vimejipanga, hiyo ni chapa ya mashine. Wino wa mkono umezama kwenye nyuzi za karatasi, na pale brashi ilipokauka mstari unapasuka. Muhuri mwekundu wa kweli una unene kidogo kwa sababu wino wake ni mzito. Wa chapa ni bapa kama maandishi mengine.

Kuna pia zile za katikati: chapa iliyoongezewa rangi kwa mkono. Zinauzwa kihalali, na muuzaji mkweli atasema. Chapa yenyewe si dhambi. Ubaya ni kuilipia bei ya mkono.

Picha mbili zinafanana, moja bei yake ni mara kumi ya nyingine. Kwa nini?

Geuza gombo utazame mgongo. Kazi ya kubandika na kuzungushia vitambaa inaitwa hyogu, na ni ufundi unaojitegemea. Ile ya Kyoto imetambuliwa na serikali kuwa miongoni mwa kazi za mikono za jadi. Fundi hutumia gundi ya wanga wa ngano, na kwa tabaka la mwisho hutumia gundi iliyohifadhiwa mtungini karibu miaka kumi mpaka ikapoteza nguvu. Ndiyo, wanataka gundi dhaifu. Gundi kali hukakamaa, gombo likapinda na kuvunjika kila linapokunjwa. Iliyo dhaifu huliacha lilainike. Karatasi za mgongoni nazo zina kwao: Mino, mkoani Gifu, kwa tabaka la kwanza, na Yoshino, mkoani Nara, kwa yanayofuata.

Faida yake utaiona baadaye. Gombo la gundi ya wanga linaweza kuloweshwa, likabanduliwa tabaka kwa tabaka na kuvalishwa upya. Ndiyo maana yapo ya miaka mia tano yanayoonekana safi. Gombo la bei ya chini limebandikwa kwa joto la mashine na utando wa plastiki; ni jepesi kutengeneza, halina kasoro machoni, lakini siku likiharibika ni kazi ngumu mno kulirekebisha, na mafundi wengine hukataa.

Halafu kuna kitambaa. Vile vipande vyembamba vinavyogusa picha juu na chini huitwa ichimonji, na kwa kawaida ndicho kitambaa cha thamani kuliko vyote kwenye gombo, mara nyingi hariri ya zari. Muuzaji akikuonyesha picha kwa fahari huku ichimonji ni karatasi iliyopigwa chapa ya zari, umeshajua anachouza.

Muuzaji anasema ni la miaka mia mbili, na lina jina la mchoraji maarufu.

Majina kama Maruyama Okyo (1733–1795), Ito Jakuchu (1716–1800) au Yokoyama Taikan (1868–1958) yamejaa kwenye masoko ya mitumba. Wanafunzi wa uchoraji walijifunza kwa kunakili, na wengine walinakili ili wale. Mchoro halisi wa Jakuchu hauuzwi mezani karibu na vikombe vya mtumba. Ukitaka kumwona Jakuchu, mfululizo wake wa magombo 30 ya ndege, samaki na maua umo kwenye jumba la hazina za kifalme jijini Tokyo, na ulitangazwa Hazina ya Taifa mwaka 2021. Hayatundikwi yote kwa wakati mmoja wala daima, kwa sababu mwanga unayala.

Sanduku nalo linasema kitu. Sanduku la kiri, mti wa mbao nyepesi, lenye mwandiko na muhuri wa mchoraji mwenyewe huitwa tomobako, na huongeza bei. Lakini sanduku na gombo vinaweza kuwa vimekutanishwa na muuzaji juzi. Hakikisha gombo linakaa vizuri kwenye vikalio vya ndani, bila kubana wala kucheza.

Ushauri wangu: lipa bei ya kitu unachokipenda kama kingekuwa hakina jina. Likitokea kuwa na jina, ni riziki.

Ninunue wapi?

Kyoto ndiko kwa kwanza. Mtaa wa Shinmonzen na ule wa Teramachi una maduka ya vitu vya kale, yenye utulivu na bei zake. Kwa mwenye mfuko mwepesi kuna gulio la hekalu la Toji tarehe 21 ya kila mwezi, na la Kitano Tenmangu tarehe 25. Magombo hurundikwa kama kuni, na mengine huuzwa kwa yeni elfu chache. Tokyo kuna soko la vitu vya kale kwenye uwanja wa Tokyo International Forum, kwa kawaida Jumapili ya kwanza na ya tatu ya mwezi, na maduka ya mtaa wa Nishi-Ogikubo. Fika asubuhi na mapema, ukiwa na fedha taslimu.

Gombo jipya lililotengenezwa kwa mkono litafute kwenye warsha ya hyogu au sehemu ya sanaa ya duka kubwa lenye idara nyingi. Bei huko ni ya makumi elfu ya yeni na kupanda.

Naruhusiwa kupatana bei?

Gulioni unaweza kuuliza kwa upole kama anaweza kupunguza kidogo, hasa ukichukua mawili. Akipunguza, chukua. Ule mtindo wa kutaja nusu ya bei kisha kuondoka ukisubiri kuitwa haufanyi kazi, hutaitwa. Dukani bei ni bei.

Na kodi je?

Kodi ya matumizi ni asilimia 10. Mgeni wa muda mfupi huweza kusamehewa kwenye duka lenye kibali, akionyesha pasipoti na kununua kuanzia yeni 5,000 kwa siku kabla ya kodi. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2026 utaratibu ni kulipa kodi kwanza, kisha kurudishiwa baada ya forodha kuthibitisha unatoka na bidhaa. Mwanafunzi anayeishi Japani hahusiki na msamaha huu, na mwenye meza ya gulioni hana kibali hicho.

Vichwa vya ule mti wa chini ni vyeupe na vizito. Ni nini hivyo?

Simama hapo kwanza. Vichwa hivyo, jikusaki, hutengenezwa kwa mti, kauri, plastiki, mfupa au pembe ya kulungu. Kwenye magombo ya zamani ya bei kubwa mara nyingi ni pembe za ndovu. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliamua mwaka 1989 kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika, na ndani ya Japani biashara hiyo bado inaendelea kwa masharti. Kwa hiyo muuzaji hana kosa kukuuzia. Mwenye kosa utakuwa wewe uwanja wa ndege. Hebu fikiria kushuka Jomo Kenyatta au Julius Nyerere na kipande cha pembe mkononi. Kenya ilichoma tani 105 za pembe mwaka 2016 mbele ya dunia nzima. Maofisa wake hawatakusikiliza habari za sanaa.

Plastiki ni nyepesi na huwa na alama ya mshono wa kalibu ya kiwandani. Mfupa una vitundu vidogo vyeusi. Pembe ya ndovu ni baridi ikiguswa, nzito, na kwenye uso wa mwisho mistari hafifu hukatana kama wavu. Ukiwa na shaka, usibebe. Ikiwa umelipenda gombo lenyewe, fundi wa hyogu anaweza kung'oa vichwa na kuweka vya mti au kauri. Pata risiti ya kazi hiyo.

Kitu cha kale kinahitaji ruhusa ya kutoka nchini?

Hazina za Taifa na Mali Muhimu za Kitamaduni haziruhusiwi kutoka, kwa sheria ya mwaka 1950. Huwezi kuuziwa moja kwa bahati mbaya. Kwa gombo linaloonekana la kale sana, muuzaji anaweza kukuombea hati ya Wakala wa Mambo ya Utamaduni inayothibitisha kwamba si miongoni mwa hizo. Kwa gombo la yeni elfu tano hakuna anayejisumbua.

Litaingia kwenye begi la mkononi?

Sanduku la gombo la upana wa sentimita 54 linapita sentimita 60, na begi la kawaida la mkononi ni sentimita 55. Halitaingia. Liweke kimshazari katikati ya nguo kwenye begi kubwa, ndani ya mfuko wa plastiki, au uliza shirika lako kama unaweza kulishika mkononi. Posta ya EMS nayo ni njia ya kuaminika. Andika thamani ya kweli na ulihifadhi kwa bima. Kamwe usitoe gombo sandukuni ili lipate nafasi.

Nikifika nyumbani, hali ya hewa ya pwani italiacha salama?

Hapa ndipo magombo mengi yanapofia. Adui wa kwanza ni unyevu. Ukuta wa nje wa nyumba ya mawe ya matumbawe, Lamu au Mji Mkongwe, hutoa chumvi na maji, usitundike hapo. Chagua ukuta wa ndani, na ubandike vipande viwili vidogo vya mpira nyuma ya mti wa chini ili hewa ipite. Jua lisiligonge. Liwe mbali na jiko, na mbali na chetezo: moshi wa udi unanukia vizuri lakini huacha rangi ya manjano kwenye karatasi. Angalia pia juu ya ukuta kama mijusi wana njia yao.

Pangaboi hulifanya gombo ligonge ukuta mpaka pembe zichanike. Kuna vizito vidogo vya kauri, fuchin, vya kuning'iniza kwenye vichwa vya mti. Nunua jozi hukohuko.

Litundike wiki kadhaa, kisha likunje lipumzike. Sanduku la mti wa kiri hupunguza kupanda na kushuka kwa unyevu, kwa hiyo liweke juu ya kabati na si sakafuni, ambako mchwa watalikuta. Wakati wa siku kavu, lifungue kivulini kwa saa chache. Siku ya mvua usilikunje, utafungia unyevu ndani. Kwa wa Dubai na Doha tatizo ni kinyume: kiyoyozi hukausha hewa na kingo zinajikunja. Usilitundike chini ya mdomo wa kiyoyozi.

Linakunjwaje?

Mikono mikavu. Pangusa vumbi kwa brashi laini, anza chini, kunja taratibu bila kukaza, na ukiona linakwenda upande, lifungue kidogo uanze tena badala ya kulivuta. Zile tepe mbili za juu, futai, zilaze kwa kufuata mikunjo yake ya awali. Weka kipande cha karatasi chini ya kamba, zungusha kamba mara tatu, pitisha kitanzi. Muuzaji akikufungia, mwombe afanye polepole umrekodi kwa simu.

Sina fedha wala ukuta. Kuna mbadala?

Kuna shikishi, kadi ngumu ya sentimita 27 kwa 24 hivi, iliyochorwa au kuandikwa kwa brashi. Huchomekwa kwenye gombo dogo lenye kamba za pembeni, na unaweza kubadilisha kadi upendavyo. Inalala bapa kwenye begi. Kwa mtu anayenunua kwa mara ya kwanza ningesema aanze na hii. Tenugui, kitambaa cha pamba cha sentimita 35 kwa 90, nacho kinauzwa na vijiti vya kutundikia, na kikichafuka kinafuliwa.

Nataka jina langu kwa herufi za Kijapani.

Majina ya kigeni huandikwa kwa katakana, zinazofuata sauti: Amina ni herufi tatu tu. Wapo wanaokutafutia kanji, herufi zenye asili ya Kichina, za kufanana na sauti hiyo. Hapo kila herufi ina maana yake, kwa hiyo ulizia moja moja kabla wino haujakauka.

Limepata mikunjo na madoa ya kahawia. Nilipige pasi?

La, hata kwa kitambaa juu. Joto litayeyusha gundi au kuunguza hariri. Usilifute kwa maji pia. Mikunjo midogo hutulia gombo likitundikwa siku mbili tatu katika hewa ya kawaida. Madoa ya kahawia ni kazi ya fundi, na fundi huyo yumkini yuko Japani. Kama mwenzako anasafiri, mpe na sanduku lake. Uliza gharama kwanza, kwa kuwa kuvalisha upya gombo la gulioni huweza kuzidi bei uliyolinunulia mara nyingi.